Kifua kisichopona: kutoka Makambako uende wapi?

Mgonjwa wa kifua anayefika Makambako hakosi njia. Barabara kuu inampeleka Mbeya, kwenye hospitali ya rufaa ya kanda. Akigeukia upande wa pili anafika Iringa, na kutoka hapo ama anapanda Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa, ama anashuka hadi Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka alikoanzia. Akishika barabara ya Songea, baada ya kilomita kama 60 yuko Njombe mjini, ambako hospitali ya rufaa ya mkoa iko Wikichi. Akipitiliza na kuchepukia Makete atafika Ikonda, hospitali ya wamisionari wa Consolata ambayo watu huifuata kutoka mikoa ya mbali. Na treni ya TAZARA nayo inasimama palepale Makambako.

Ugumu uko nyumbani, kwenye kikao cha familia. Mama amekuwa akikohoa tangu watoto wakiwa shule ya msingi. Zamani alikohoa msimu wa baridi tu, Juni hadi Agosti, ukungu unaposhuka na maji ya kunawa yanauma vidole. Siku hizi anakohoa mwaka mzima. Kilima alichokuwa akikipanda na debe la viazi kichwani sasa anakipanda mikono mitupu, na bado anasimama njiani kutafuta pumzi. Amekunywa dawa za kila rangi kutoka duka la dawa muhimu. Amepimwa makohozi, akaambiwa hana kifua kikuu. Amekunywa asali na tangawizi, amejifukiza. Mtoto aliye Dar anapiga simu: mleteni mjini aonwe na bingwa. Aliyebaki kijijini anauliza nauli itatoka wapi, na wakifika huko watalala kwa nani. Baada ya ukimya kidogo, macho yote yanageukia shamba la miti.

Njombe miti ni benki. Paini iliyopandwa ije isomeshe wajukuu huuzwa ikiwa bado changa, kwa bei anayoitaka mnunuzi, kwa sababu mgonjwa hawezi kungoja mti unenepe. Ndiyo maana swali la kwenda au kutokwenda kwa bingwa haliwezi kuachiwa madaktari peke yao. Linagusa mali ya ukoo, na linastahili akili iliyotulia kuliko ile inayopatikana saa nane za usiku mgonjwa ameketi kitandani akihema mdomo wazi.

Niseme mapema ninakosimama. Kwa mtu ambaye kifua chake hakijawahi kupimwa nguvu ya kupumua, safari moja iliyoandaliwa vizuri, ya kwenda kujua ana ugonjwa gani hasa, inalipa. Safari ya pili na ya tatu, za kumtafuta daktari atakayesema maneno matamu kuliko yule wa kwanza, mara nyingi ni miti iliyokatwa bure.

Moshi, makovu na vumbi

Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,000. Kwa hali ya hewa hiyo jiko halipikii tu, linapasha nyumba joto. Moto huwashwa alfajiri, hukokwa tena jioni, na watu huuota milango ikiwa imefungwa. Mwanamke aliyezaliwa kijijini huku miaka ya 1960 ameuvuta moshi wa kuni tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, akauvuta kwenye mafiga ya mama mkwe, akaja kuuvuta jikoni kwake mwenyewe. Hajawahi kushika sigara. Daktari akimuuliza kama anavuta, anajibu hapana kwa haki kabisa, na maswali ya mapafu huishia hapo.

Ushahidi kwamba moshi huu unaumiza hauko mbali. Mlimba, kule bondeni Kilombero, ndiko treni ya TAZARA inakoanza kuupanda mlima na kupita kwenye mahandaki kuelekea Makambako. Watafiti wakiongozwa na Dk. Ng'weina Magitta waliwapima huko watu wazima wa umri wa miaka 35 na zaidi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kuwa asilimia 17.5 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao matabibu huutaja kwa herufi zake, COPD. Ni karibu mtu mmoja katika kila sita. Takriban wote walikuwa wakipikia kuni au mkaa. Mlimba kuna joto, hakuna anayejifungia na moto ili asigande. Sioni sababu ya kutegemea hali iwe nafuu zaidi huku juu.

Halafu kuna kifua kikuu. Njombe ndio mkoa wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. VVU na kifua kikuu hutembea pamoja. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure, huchukua miezi sita kwa mgonjwa wa kawaida, na huua vimelea. Makovu hayaondoi. Mtu anaandikiwa kwenye kadi kwamba amepona, naye anaendelea kukohoa na kuishiwa pumzi, na kila anayemsikia anadhani TB imerudi. Pale Mbeya, kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimekuwa mmoja wa washiriki wa utafiti uitwao TB Sequel, pamoja na Afrika Kusini, Msumbiji na Gambia, unaofuatilia hali ya mapafu ya watu baada ya kutibiwa kifua kikuu. Kwa miaka mingi jambo hili halikuwa na mwenyewe. Mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977 na ambao kwa msaada wa Dk. Karel Styblo ulikuja kuwa mfano wa kuigwa duniani, ulihesabu waliopona na waliokufa. Waliopona wakabaki na nusu ya pumzi hawakuwa na safu yao kwenye daftari.

Vumbi nalo limo. Vijana wanaopasua mbao kwa mashine za dingdong hufanya kazi mchana kutwa ndani ya wingu la vumbi la mbao, pua ikiwa imefungwa kitambaa kama kipo. Kizazi cha wazee waliokwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini kupitia Wenela, wakala wa kuajiri wachimbaji, kimekaribia kwisha, lakini wajukuu wao wanakwenda Chunya na Geita, na vumbi la mwamba ni lile lile.

Kikohozi kimoja, magonjwa mengi

Kwa hiyo mtu akisema "nina kifua", bado hajasema kitu. Inawezekana ana pumu, ambayo hubana na kuachia. Inawezekana ana COPD, ambayo hubana na haiachii kabisa. Pengine ni makovu ya TB ya zamani, au njia za hewa zimetanuka na kuwa vidimbwi vya makohozi yanayojaa kila asubuhi. Pengine ni vumbi la mwamba lililoganda ndani ya mapafu. Pengine mapafu hayana kosa, moyo ndio uliochoka, na maji yanapanda kifuani usiku mgonjwa akilala chali. Na pengine ni TB kweli, ambayo kipimo cha kwanza hakikuikamata.

Magonjwa haya yanafanana kwa sauti na hayafanani kwa tiba. Mwenye moyo dhaifu akipewa dawa za pumu hapati nafuu na mapigo yanazidi kwenda mbio. Mwenye makovu akirudishiwa dawa za TB bila vimelea kuonekana, anakunywa vidonge vikali vya miezi sita kwa ugonjwa asiokuwa nao. Mwenye pumu aliyekuwa akipozwa kwa antibayotiki miaka yote angeweza kuishi kama watu wengine kama angepata dawa ya kuvuta iliyo sahihi.

Kinachotenganisha pumu na COPD ni kipimo rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kinaitwa spirometri. Mgonjwa anavuta hewa hadi kifua kijae, anaufunga mdomo kwenye mrija, kisha anapuliza kwa nguvu zake zote, bila kukata, sekunde sita au zaidi. Mashine inapima hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na kuilinganisha na hewa yote iliyotoka. Mtu mzima mwenye njia za hewa zilizo wazi hutoa sehemu kubwa papo hapo. Aliyebanwa huitoa taratibu, kidogo kidogo. Kisha anapewa salbutamoli ya kuvuta, anasubiri robo saa, anapuliza tena. Ikiwa hata baada ya dawa hewa ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya hewa yote, njia zake zimeziba kwa namna isiyofunguka kabisa, na hapo ndipo neno COPD linaandikwa kwenye faili. Eksirei haiwezi kusema hivyo. Wala sikio la daktari, hata awe na uzoefu gani.

Mashine yenyewe, spirometa, inaenea kwenye mkoba. Inachohitaji zaidi ni mtu aliyefunzwa, anayejua kumhimiza mama wa miaka sitini apulize mpaka machozi yamtoke, na anayeweza kutambua pale mgonjwa alipopuliza nusunusu. Kwa hiyo kabla shamba la miti halijauzwa, kijana mmoja wa familia atumwe, au apige simu, aulize maswali mawili katika hospitali zilizo karibu: Wikichi, Kibena, Ilembula kwa walio upande wa Wanging'ombe, Ikonda kwa walio upande wa Makete. Mna spirometri? Na yupo daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, siku gani? Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, safari ya Dar imekufa kabla haijaanza, na hiyo ni habari njema.

Tangu mwaka 2024 pia wapo madaktari bingwa wanaozungushwa katika hospitali za halmashauri kwa kambi za siku chache, wale wanaojulikana kama madaktari bingwa wa Rais Samia, na miongoni mwao wamo wa magonjwa ya ndani. Huyu si daktari wa mapafu pekee, lakini ndiye anayejua kutenganisha moyo na mapafu, na hilo peke yake ni nusu ya kazi. Mwenye kifua asingojee kusikia tangazo la gari la matangazo. Aulize kambi ijayo ni lini.

Mfuko wa kwenda nao

Ikibidi kusafiri, safari iandaliwe. Bingwa wa Muhimbili au Mbeya ana dakika chache za kukusikiliza, foleni imefika mlangoni, na kama umekwenda mikono mitupu atalazimika kuanza upya: eksirei upya, makohozi upya, damu upya, na kila "upya" una risiti yake. Beba picha zote za eksirei za zamani, hata zilizokunjamana. Picha ya mwaka juzi ikiwekwa kando ya picha ya leo inaonyesha kama kovu limetulia au linakua, na hilo hakuna mashine ya bei kubwa inayoweza kulibuni. Beba kadi ya matibabu ya TB kama uliwahi kutibiwa. Beba majibu ya kipimo cha VVU. Beba dawa zenyewe ndani ya vifungashio vyake, pamoja na zile ulizopewa na jirani, kwa sababu kusema "vidonge vidogo vyeupe" hakumsaidii mtu.

Na beba barua ya rufaa. Ngazi zetu zinaanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya au halmashauri, rufaa ya mkoa, rufaa ya kanda, kisha taifa, na bima inafuata ngazi hizo. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo kaya ya watu sita ilikuwa ikiilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiruka ngazi ukatua Dar, kadi hiyo ilikuwa pambo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kila mwenye kadi anapaswa kuuliza kifurushi chake kinafika wapi kabla hajapanda basi, maana dirishani hakuna mjadala.

Wengi wakisikia "hospitali ya kifua" mawazo yao huruka hadi Kibong'oto, kule Siha mkoani Kilimanjaro. Ni jina kubwa na lina haki ya kuwa kubwa. Ilianza mwaka 1926 kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu, na mwaka 2009 ndiko matibabu ya TB sugu kwa dawa yalikoanzia nchini. Kwa mgonjwa wa Njombe ambaye vipimo havijaonyesha TB sugu, kuivuka nchi nzima kwa ajili ya jina, wakati Mbeya iko saa chache tu kutoka Makambako, naona ni gharama isiyo na jibu. Watanzania tuna historia ya kusafiri kwa imani. Mwaka 2011 misururu ya magari ilikwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na miongoni mwa waliopanga foleni kulikuwa na wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini. Sicheki. Mtu aliyeishiwa pumzi anaamini chochote kinachomwahidi pumzi. Ila bingwa naye asigeuzwe kikombe.

Bingwa atakupa nini

Hatakupa mapafu mapya. Kovu halifutiki, na njia za hewa zilizokakamaa kwa moshi wa miaka arobaini hazirudi kuwa laini. Familia inapaswa kulijua hili kabla ya safari, vinginevyo itarudi na dawa nzuri ikidhani imetapeliwa.

Anachokupa kwanza ni jina la ugonjwa. Pili, dawa ya kuvuta inayolingana na jina hilo, ile ambayo wengi huiita pampu, na maelezo ya namna ya kuivuta. Maelezo haya yana thamani kubwa kuliko yanavyothaminiwa. Wengi hubonyeza pampu kabla ya kuvuta hewa, dawa ikaishia kwenye ulimi na kooni. Dawa ya kuvuta huingia vizuri zaidi ikipitia chombo cha kati, na chombo hicho si lazima kinunuliwe. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa kwa watoto wenye pumu, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu, na tundu likazibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Chupa za nusu lita zimejaa stendi ya Makambako. Mwombe daktari au muuguzi akuonyeshe jinsi ya kuitengeneza.

Tatu, bingwa mzuri atakupunguzia dawa. Wagonjwa wengi wa kifua huku wamezoea vidonge vya salbutamoli, vinavyotetemesha mikono na kuukimbiza moyo, na wengine wamekuwa wakinunua prednisoloni au deksamethasoni wenyewe kwa sababu siku mbili tu baada ya kumeza wanajisikia vijana. Ni kweli wanajisikia vijana. Zikimezwa miezi na miaka bila usimamizi, dawa hizo hupandisha sukari, hulainisha mifupa na kushusha kinga ya mwili. Na aliyezimeza muda mrefu asiziache ghafla bila daktari, maana nako kuna hatari yake.

Lipo jambo moja la huku juu ambalo daktari wa pwani anaweza asilifikirie. Kwenye mwinuko wa Njombe msukumo wa oksijeni hewani ni pungufu kwa kama asilimia 20 ukilinganisha na Dar es Salaam. Mgonjwa akishuka pwani anapumua vizuri zaidi kabla hata hajameza kidonge. Kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni kinasoma namba nzuri, daktari anaridhika, mgonjwa anaruhusiwa, na akipanda tena Njombe siku mbili baadaye anaanza kuhema. Familia husema dawa za mjini zimeisha nguvu. Dawa ziko vile vile, hewa ndiyo imebadilika. Mwambie daktari unaishi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukirudi pimwa kidole tena katika kituo cha karibu.

Kuhusu oksijeni ya nyumbani, ambayo siku hizi watoto walio mjini hupenda kuinunulia familia: tafiti kubwa mbili za Marekani na Uingereza, za mwaka 1980 na 1981, zilionyesha kuwa inarefusha maisha ya wagonjwa wa COPD ambao oksijeni ya damu yao iko chini sana muda wote, na wanaoitumia saa 15 au zaidi kwa siku. Mashine ya namna hiyo inakula umeme mchana na usiku, na TANESCO ikikata, imekata. Kwa mgonjwa ambaye oksijeni yake bado inatosha, ni fedha nyingi kwa faida ndogo. Isinunuliwe kwa huruma, inunuliwe kwa kipimo.

Kuna tiba moja isiyouzwa dukani, nayo ni mazoezi. Wagonjwa wa mapafu huogopa kutembea kwa sababu wakitembea wanahema, basi wanakaa, miguu inalegea, na wakiinuka wanahema zaidi. Kampala, Dk. Bruce Kirenga wa Makerere na wenzake waliwachukua watu waliopona TB wakabaki na mapafu yaliyoharibika, wakawafanyisha mazoezi yaliyopangwa kwa wiki sita, mara mbili kwa wiki. Uwezo wao wa kutembea na hali ya maisha yao vikapanda, kama walivyoandika mwaka 2017. Hili halihitaji Dar. Njombe ina vilima vya kutosha, kinachotakiwa ni mtaalamu wa viungo wa kumwonyesha mgonjwa aanzie wapi na asimame lini.

Usipande basi

Zipo hali ambazo jibu la swali letu ni moja tu. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, mwenye midomo au kucha za rangi ya bluu, aliyeanza kusinzia au kuchanganyikiwa, huyo hapelekwi kwa bingwa wa mbali. Anapelekwa hospitali iliyo karibu yenye oksijeni, sasa hivi. Baada ya UVIKO-19 Serikali ilisimika mitambo ya kuzalisha oksijeni katika hospitali kadhaa za rufaa, na safari ya usiku kucha ndani ya basi lililofungwa vioo ni mahali pabaya sana pa kuishiwa hewa.

Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayekohoa damu, anayekonda na kutoka jasho usiku, kwanza apimwe TB katika kituo cha karibu. Bure. Bingwa anaweza kungoja.

Na yupo mzee ambaye ameshapimwa, jina la ugonjwa linajulikana, dawa anazo, na mwili umechoka. Watoto wanataka kumpeleka mbali zaidi kwa sababu wanampenda, na pengine kwa sababu ya maneno ya majirani. Huyu aulizwe mwenyewe. Wazee wengi wa huku, wakiulizwa kwa heshima na bila umati wa ndugu chumbani, wanajua vizuri wanachotaka, na mara nyingi wanataka kukaa nyumbani na pumzi kidogo kuliko kufia wodini Dar.

Jikoni

Mgonjwa akitoka kwa bingwa na kurudi kwenye moshi ule ule, shamba la miti limeuzwa kwa hasara. Serikali imekuwa ikitaja zaidi ya vifo 33,000 kila mwaka nchini vinavyotokana na moshi wa majumbani, na mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni jema. Tahadhari yangu ni kwamba nusu hatua haitoshi. Majirani zetu wa Malawi waligawa majiko banifu katika vijiji vya Chikhwawa na Karonga, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa nimonia ya watoto haikupungua. Moshi ulipunguzwa jikoni, ukabaki kwenye taa, kwenye takataka zinazochomwa, kwa jirani.

Kwa mgonjwa mmoja ndani ya nyumba moja, hata hivyo, mambo ni mepesi kuliko kwa taifa. Mama mwenye COPD asipike tena kwa kuni, apike mwingine. Jiko litengwe na chumba cha kulala, dirisha lifunguliwe hata kama baridi inaingia, na mgonjwa aongezewe blanketi na sweta. Mtungi mdogo wa gesi ubaki kwa chai na uji wa asubuhi. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kwa sababu yoyote ile, maana hewa yake huua na wasiougua.

Waganga wakuu wa halmashauri za miji ya Njombe na Makambako, mnapoandaa bajeti ijayo, wekeni mstari mmoja wa spirometa na mafunzo ya tabibu mmoja wa kuitumia. Ni gharama ndogo kuliko safari za Dar ambazo familia kadhaa za huku huzilipia kwa miti kila mwaka. Mpaka hapo, mgonjwa ambaye hajawahi kupuliza kwenye mashine hiyo aende inakopatikana, karibu zaidi kwanza, akiwa na barua ya rufaa na eksirei zake za zamani mkononi, na aende kabla baridi ya Juni haijaingia.